Kaimu Chura wa Taifa

Nchi ninayotaka kuwasimulia sitaitaja jina, na msinibane, kwa sababu nimebakiza miaka minne nistaafu. Yatosha mjue kwamba ni nchi nzuri, ina mabonde, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina Wizara ya Kilimo, Neema na Furaha ya Udongo. Ndani ya wizara hiyo kuna Idara ya Vyura. Mnacheka? Chekeni tu. Idara hiyo imenilisha miaka ishirini na sita, na sikuwahi kuionea haya mpaka mwaka jana.

Idara ilianza hivi. Zamani, watu wa Bonde la Kitopeni walipanda mahindi baada ya kuwasikia vyura. Vyura wakilia alfajiri tatu mfululizo, watu hushusha makapu ya mbegu kutoka darini, siku ya nne wako shambani, na mvua haikawii. Kila mtu alisikiliza kwa sikio lake. Nchi ilipopata uhuru, serikali ikaona hiyo ni vurugu. Huyu kasikia Jumatatu, yule kasikia Jumatano, sasa tumwamini nani? Ikatungwa Sheria ya Kusikiliza Vyura, na kuanzia hapo raia akionekana kando ya bwawa ametega sikio bila kibali, anakamatwa. Badala yake akaajiriwa Msikilizaji wa Serikali, akapewa koti la mvua, kiti cha kukunja, fomu na muhuri. Yeye anasikiliza, anajaza fomu, anapiga muhuri, redio inatangaza, watu wanapanda.

Msikilizaji wa sasa ni mimi, Shomari Kitogo, mzaliwa wa Kitopeni. Dada yangu mkubwa, Siwema, ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na bado analima shamba lilelile la mama.

Nijisifu kidogo kabla sijaanza kujilaumu: kazi niliijua. Niliweza kutofautisha chura wa ngurumo za kwanza za radi na chura anayepiga kelele zake za bure. Nilijua kwamba wanaolia ni madume tu, wanawaita majike, na kwamba jike hukaa kimya akisikiliza, kama nilivyokaa mimi. Tena niliweza kuwaiga. Kwenye sherehe za kuagana ofisini wenzangu walinishika mkono, "Shomari, hebu lia kidogo," nami nililia, na wakubwa wakavunjika mbavu. Nilikuwa nikifurahi sana wakicheka. Mungu anisamehe, niliona ni kipaji.

*

Miaka mitatu iliyopita Mheshimiwa Tarimbo, Waziri wetu, alikuja Kitopeni kuzindua dawa ya kuua magugu. Dawa ilikuja kwenye mapipa ya bluu, jina lake Tokomeza. Tulipanga viti, tukafunga turubai, ngoma zikapigwa kuanzia saa mbili. Mheshimiwa akafika saa nane.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza, kisha akaizingatia tena kwa dakika arobaini, akiwataja viongozi wote mmoja mmoja, hadi dereva wake. Halafu akaeleza kwamba gugu ni adui wa taifa, kwamba gugu halilipi kodi, halihudhurii mikutano, na linanyonya udongo ambao mashujaa wetu waliupigania. Watu wakapiga makofi. Mimi pia.

Dada Siwema akanyoosha mkono. Nilitamani ardhi ipasuke, maana namjua.

"Mheshimiwa, shikamoo," akasema. "Mashamba yetu yote yako mteremkoni. Mvua ikinyesha, maji yanashukia bwawani. Hii dawa ikifika bwawani itakuwaje?"

"Marahaba, mama. Swali zuri sana, na nawapongeza akina mama kwa kuuliza maswali mazuri." Mheshimiwa akatabasamu kwa upande wa kamera. "Dawa hii imetengenezwa kuua magugu tu. Ni dawa yenye nidhamu. Haigusi kitu ambacho si gugu. Au, mama, chura wa Kitopeni ni gugu?"

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. Siwema akakaa. Nami nilicheka, tena kwa sauti, kwa kuwa Mkurugenzi wangu, Bwana Kiloko, alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu na aligeuka kuona nani anacheka. Nilimcheka dada yangu mbele ya watu waliomjua tangu akiwa msichana. Hilo mliweke akilini, halafu tuendelee.

Wiki hiyo watu walipewa mabomba ya mgongoni wakapulizia. Kweli magugu yalikauka, tusiseme uongo. Mapipa matupu yakagawiwa bure, nami nikamchagulia dada moja zuri, lisilo na mbonyeo, nikampelekea kwa gari la ofisi ahifadhie maji ya kunywa. Aliniombea dua ndefu.

*

Msimu wa kwanza baada ya Tokomeza, nilikunjua kiti changu alfajiri nikasikiliza. Vyura walilia, lakini wachache. Bwawa ambalo zamani lilikuwa likinilazimisha kuziba masikio sasa niliweza kuhesabu sauti kwa vidole: moja kwenye matete, mbili upande wa jiwe, kisha kimya.

Nikaitoa fomu. Fomu yetu ina swali moja: "Vyura wamelia?" Chini yake kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Hakuna kisanduku cha "kidogo". Hakuna cha "wanatia wasiwasi". Sasa mimi ningefanyaje? Nikatia alama kwenye Ndiyo, nikapiga muhuri. Mvua ilikuja mwaka huo, watu wakavuna, na mimi nikajiambia kwamba moyo wangu una woga wa kizee.

Msimu wa pili Siwema alinifuata kitini kwangu na ndoo.

"Shomari, mdogo wangu, hebu tazama humu."

Ndani ya ndoo kulikuwa na viluwiluwi. Nikamwambia ndiyo, ni viluwiluwi, nimewaona.

"Hawa niliwachota, sasa ni mwezi wa tatu," akasema. "Wangekuwa vyura zamani, wangekuwa wanarukaruka. Tazama, wamekuwa wanene kama kidole gumba na mkia bado wanao. Huyu ana mguu umetokea ubavuni. Na huyu hapa ni chura mkubwa, bata wangu alimpasua. Si dume huyu? Koo lake si jeusi?"

"Dume," nikakubali.

"Basi mtazame tumboni."

Nikatazama. Tumboni mwa lile dume kulikuwa na mayai, yamejipanga vizuri, meusi, kama ya jike yeyote. Nilifahamu pale pale, bila semina, kwa nini bwawa lilikuwa linanyamaza. Vyura walikuwepo tele majini, lakini madume walikuwa wakigeuka majike, na majike hawalii. Hakukuwa na wa kuita. Na hayo mayai yaliyotagwa bila dume yalikuwa yakielea kando ya matete, meupe, yameoza.

"Ni ile dawa," Siwema akasema. "Wewe ni mtu wa serikali. Kaseme."

"Nitasema, dada. Nitaandika ripoti."

Na niliandika! Kurasa sita, kwa mkono wangu, bila kupunguza kitu. Nikaipeleka kwa Bwana Kiloko, ambaye aliisoma akinywa chai, akaweka kikombe chini polepole.

"Shomari, hapa umeandika 'dume' na hapa umeandika 'mayai'. Yako kwenye sentensi moja."

"Ndivyo yalivyokuwa, mkuu. Yako kwenye chura mmoja."

"Mheshimiwa hawezi kusoma sentensi kama hii kabla ya chakula cha mchana." Akatoa kalamu nyekundu. "Tuiweke kwa lugha ya matumaini. Sikiliza: 'Uzazi wa vyura umeongezeka, na kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, madume nao wameshirikishwa.' Unaonaje?"

"Na viluwiluwi, mkuu? Hawakui."

"Wanachelewa kuhitimu," akasema Bwana Kiloko. "Hata mimi nilirudia darasa la saba."

Ikaundwa Tume ya watu kumi na watano kuchunguza mwenendo wa vyura. Ilikutana siku tisa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikalikagua bwawa hilo na kukuta halina tatizo lolote. Ripoti yake ilipendekeza kwamba viluwiluwi wote watambuliwe rasmi kama Vyura Watarajiwa na wahesabiwe kwenye takwimu, jambo lililofanya idadi ya vyura nchini ipande mara arobaini. Mheshimiwa Waziri akapokea pongezi bungeni. Kwa furaha, akaongeza mgao wa Tokomeza mara mbili.

Chini ya ripoti palihitajika sahihi ya mtaalamu wa bondeni. Bwana Kiloko alinisogezea kalamu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyenishikia bunduki. Nikasaini. Hata mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri.

*

Mwaka jana nilikaa kando ya bwawa alfajiri kumi na saba. Sikusikia hata mmoja. Mbu tu, na pampu ya mtu kule ng'ambo.

Tatizo ni kwamba Wizara ilikuwa imeshapanga Siku ya Kupanda Kitaifa. Tarehe ilitolewa mapema ili wageni wa nje waweze kuja. Kanga zilikuwa zimechapwa, elfu nane, zimeandikwa VYURA WAMEITIKA, TUPANDE. Nilimpigia Bwana Kiloko nikamweleza kwamba vyura hawajaitika. Alikuja mwenyewe bondeni na bahasha.

"Kanga haziwezi kufutwa maandishi," akasema. "Lazima alie mtu."

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua yenye nembo ya taifa. Bado ninayo. Inasema: "Ninayo furaha kukuarifu kwamba umeteuliwa kuwa Kaimu Chura kuanzia tarehe ya barua hii. Utatekeleza majukumu yote ya chura mwenye cheo hicho, isipokuwa yale ya uzazi, mpaka hapo atakapopatikana chura mwenye sifa."

"Mkuu," nikasema, "vyura wakilia watu wanapanda. Wanapanda mbegu yote. Mvua je?"

"Mvua ni idara nyingine," Bwana Kiloko akasema. "Usiingilie kazi za wenzako."

"Lakini mimi sijui kama mvua inakuja."

"Kwani chura anajua? Chura analia tu, Shomari. Na wewe unalia vizuri kuliko wao, nimekusikia mwenyewe siku ya kumuaga mhasibu." Akanipiga bega. "Taifa lina vipaji vichache. Tusivifiche."

Ningependa niwaambie kwamba nilibishana naye mchana kutwa. Nilibishana hadi chai ilipopoa, basi.

Alfajiri ya kwanza nilichuchumaa kwenye matete, nimevaa koti la mvua, maji yamenifika kiunoni. Maji yale yalinuka kama mafuta ya taa, na Vyura Watarajiwa walikuwa wakinigongagonga miguuni, wanene, hawana pa kwenda. Ng'ambo ya matete kulikuwa na zulia jekundu, kipaza sauti cha redio, na Mheshimiwa Waziri amekinga sikio kwa kiganja. Mtangazaji akanong'ona, "Taifa zima linasikiliza."

Nikalia.

Nililia vizuri. Nilianza kwa chini, nikapandisha, nikatulia, kisha nikajibu mwenyewe kutoka upande wa pili kama vyura wawili wanaogombania jike mmoja. Akina mama wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akanyanyua mikono akasema, "Wameitika! Wanaodai dawa imewadhuru vyura, waje wasikilize!" Nami huko majini, jamani, nitawaficha nini, nilijisikia fahari. Nililia alfajiri tatu, na alfajiri ya tatu nilizidisha madoido.

Siku ya nne, Bonde zima la Kitopeni lilikuwa shambani.

*

Mvua ilichelewa siku hamsini na mbili. Mahindi yaliyofukiwa yalichipua kwa unyevu uliokuwemo ardhini, yakatoa jani moja, mawili, yakakauka. Yasiyochipua yaliliwa na mchwa. Wenye akiba ya mbegu walipanda tena, kwa kuwa redio ilikuwa ikirudia sauti yangu kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na hiyo nayo ikakauka. Mvua ilipofika ilikuta ardhi tupu na watu wameshakula hata punje za mwisho za kapuni.

Siwema alikuwa na mbegu ya mama yetu, mahindi mekundu mafupi ambayo hayapatikani dukani popote. Mama aliitunza, yeye akaitunza baada ya mama, miaka yote hiyo inaning'inia juu ya jiko kwenye moshi. Aliipanda yote. Wajukuu wake watatu walikuwa wakila mara moja kwa siku, kisha akawapeleka wawili kwa wakwe, akabaki na mdogo. Habari hizo nililetewa na watu. Mimi mwenyewe sikwenda. Kila nilipopanga safari nilipata kikao.

Mwishowe usingizi ulinikimbia, nikaenda kituo cha polisi kujisalimisha.

"Kosa lako?" akauliza inspekta, mtu mpole, amefungua kitabu.

"Nililia kama chura, afande, na watu wakapanda."

Akafikiri. "Ulikuwa na kibali?"

Nikamwonyesha barua. Akaisoma mara mbili, akasimama, akanipigia saluti.

"Mzee, wewe umelia kisheria. Siwezi kukukamata. Tena ningekukamata ningekuwa nimemzuia chura kutekeleza majukumu yake, hilo ndilo kosa." Akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniomba, kama sitajali, nilie kidogo wenzake wasikie. Nilikataa. Ndiyo mara pekee niliyokataa kitu katika mambo haya yote, na niliyemkatalia ni mtu asiye na hatia.

Wiki iliyofuata nilithibitishwa kazini. Chura Mwandamizi, Daraja la Pili. Bwana Kiloko alisema kelele za njaa ya Kitopeni zimechunguzwa, na imebainika kwamba vyura walifanya sehemu yao. Mvua ndiyo iliyokiuka ratiba, na imeandikiwa barua. Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

*

Basi mwezi uliopita nikaona bora nife kuliko kuendelea hivi, nikapakia gunia la unga, nikaenda kwa dada.

Nilimkuta uani adhuhuri, anachambua mlenda pori kwenye ungo. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Yule mjukuu mdogo alikuwa amelala kivulini. Pipa la bluu lilikuwa palepale pembeni ya mlango, limefunikwa kwa kitambaa safi. Nikabwaga gunia, nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani, marefu, yenye utangulizi. Yote yalipotea.

"Dada, wale vyura wa mwaka jana," nikasema. "Nilikuwa mimi."

"Najua."

"Unajua? Nani kakwambia?"

"Nani aniambie, Shomari? Mimi ndiye niliyekulea. Ulikuwa ukilia hivyo unapooga. Nilikusikia redioni siku ya kwanza, nikakujua kabla hujamaliza." Aliendelea kuchambua mlenda, jani baada ya jani.

"Ulijua ni mimi, na ukapanda? Mbegu ya mama?"

"Nilipanda kwa sababu ni wewe." Akaweka ungo chini. "Wangekuwa vyura wenyewe, wale wagonjwa, nisingewaamini. Nilisema moyoni, vyura wamekwisha, lakini Shomari amekaa nao miaka yote hiyo, lazima kuna kitu anakijua. Ameona huruma, analia badala yao ili tusipitwe na msimu. Majirani walikuja kuniuliza, Bi Siwema, ile sauti mbona ya ajabu? Nikawaambia pandeni. Nikawaambia ndugu yangu hawezi kunidanganya mimi."

Nililia, na safari hii sikumwiga chura. Yeye hakunikataza wala hakunibembeleza. Aliningoja nimalize, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kapu. "Mkwe wangu ameleta mbegu, pishi mbili. Ya dukani, lakini mbegu. Na majirani nao wamepata kidogo kidogo huko na huko. Ikipotea hii, wajukuu hawarudi tena hapa, na mimi nitahama." Akaliweka kapu baina yetu. "Bwawani kimya. Redio siwashi. Sasa nakuuliza wewe, si Wizara. Tupande lini?"

Mfukoni nilikuwa na muhuri. Mdomoni nilikuwa na majibu ya miaka ishirini na sita, ya kila aina, mengine yamepigwa msasa na Bwana Kiloko mwenyewe. Nikatazama mbingu, nikatazama lile kapu. Nilitafuta sana, kweli nilitafuta.

"Sijui, dada," nikasema.

Siwema alilivuta kapu upande wake.

"Ungesema hivyo mwaka jana," akasema, "tungekasirika, tungekutukana, na mbegu ya mama ingekuwepo."